Zabuni ya Nyumba Namba Saba

Penedras, 14 Novemba 2022

Mpendwa dada Felismina,

Barua yako nimeipata, na nianze na swali lako la kwanza ili upumue: nyumba ya mama haijambo. Jumapili nilipanda kijijini, Corgo de Cima, nikafungua madirisha yote, nikakaa kidogo jikoni kama ulivyoagiza ili nyumba isijione yatima, nikafunga, nikashuka. Mtini bado umeegemea ukuta wa nyuma kama mlevi wa sikukuu. Koti la mama bado linaning'inia nyuma ya mlango. Sikulitoa, kwa sababu hukusema nilitoe.

Unaniuliza kama bado nabonyeza. Nabonyeza, dada. Tangu halmashauri ya Penedras ianze kununua kila kitu mtandaoni, mdogo wako amegeuka kidole. Unakumbuka zamani zabuni zilivyokuja kwa bahasha? Siku ya mwisho korido yetu ilikuwa kama stendi ya basi: wakandarasi wamejipanga kwenye benchi, kila mmoja na kikapu chake. Soseji, jibini, chupa ya mafuta ya zeituni isiyo na lebo. Mimi nilinenepa kwa utumishi wa umma. Leo korido ni tupu, mtu unasikia saa ya ukutani, na mke wangu anasema suruali zangu zimeanza kuwa na matumaini.

Wala si uongo mtupu. Zabuni ya mabasi ya shule ilichukuliwa na kampuni ya huko pwani ambayo hakuna hapa anayeijua hata kwa sura, na mabasi yanafika kwa wakati, jambo lililowaudhi walimu. Ila kazi ndogo ndogo ni hadithi nyingine. Sheria inasema tualike wazabuni watatu. Basi tunaalika watatu: Custódio Raposo, kampuni ya mke wa Custódio, na kampuni ya mkwe wa Custódio. Vyeti vyote wanavyo, kodi wamelipa, na mfumo unawapigia saluti. Custódio ni baba wa ubatizo wa binti yangu, kwa hiyo nilimwambia kama ndugu: "Bwana Custódio, angalau mbadilishane zamu."

"Tunabadilishana, mzee," akasema. "Mwezi huu mke wangu ndiye anayeshindwa."

Jambo moja zito, halafu nakuacha. Agosti ijayo, tafadhali, twende kwa mthibitishaji tuandikishe urithi. Kila Agosti tunasema kesho, kesho inakuwa sikukuu ya kijiji, na baada ya sikukuu wewe unapakia gari kurudi. Kwenye vitabu vya serikali nyumba ile haina mwenyewe.

Goti lako vipi? Na kwa nini hupigi simu kama binadamu wengine?

Mdogo wako mnene,
Adérito


Esch, Luxembourg, 27 Novemba 2022

Adérito mdogo wangu,

Sipigi simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi huwezi.

Goti limefanyiwa upasuaji, sasa linauma kwa namna mpya. Nashinda kwenye mgahawa wa Gracinda, pale wanapokaa wote wa kwetu. Siku hizi Jumamosi wanaume hawatazami mpira peke yake. Kila mmoja anatoa simu, anafungua tovuti ya mikataba ya serikali, anaandika jina la halmashauri ya kwao, halafu wanashindana. Hermínio wa kaskazini anaanza: "Meya wangu kanunua taa za Krismasi, zingetosha kuangaza Luxembourg nzima."

Mwingine anajibu, "Taa ni kitu gani? Wangu kamlipa mwimbaji wa sikukuu, na mwimbaji ni shemeji yake."

Mwenye mkataba wa aibu kidogo kuliko wote ndiye analipa kahawa. Zamani nilikuwa nasikiliza tu. Sasa nacheza. Penedras yako haijawahi kunilipisha kahawa hata mara moja.

Nilimwambia Hermínio juu ya wazabuni wako watatu. Akasema, "Zamani alikuwa mmoja, na mlijua ni mwizi. Sasa ni watatu, na wote wana cheti." Nikamuuliza: na ukishaona yote haya, unafanya nini? Akanitazama kama nimemuuliza mvua inashtakiwa wapi. "Naagiza kahawa nyingine, mama."

Ndivyo ilivyo, Adérito. Mnatuonyesha kila kitu, sisi tunatazama. Nilikuwa nadhani mtu akionekana ataona haya.

Sasa sikiliza. Juni nastaafu. Agosti siji likizo, nakuja kabisa. Nimesugua ngazi za watu mpaka majengo ya mji huu nayajua kwa magoti. Nataka kuzeekea kwenye nyumba yenye ngazi mbili tu, na zote mbili ziwe zangu. Rangi ya mlango nimekwisha nunua, bluu ile ile ya mama. Iko chini ya kitanda changu.

Niambie juu ya dari ya jikoni. Nataka ukweli, si adabu.

Dada yako,
Felismina


Penedras, 20 Desemba 2022

Mpendwa dada,

Krismasi njema mapema. Habari kwamba unakuja kabisa nimeisoma mara mbili, na mke wangu ameisoma mara tatu, maana anajua ni nani atakayekuwa anakula kwetu kila Jumapili.

Dari ya jikoni ni nzima. Tulipigwa na dhoruba mwanzo wa mwezi, miti imelala barabarani, lakini kwetu vimetoka vigae viwili tu. Nilipanda nikafungua madirisha, nikakagua kila chumba kama mkaguzi kutoka Lisbon. Lala usingizi.

Mimi silali. Kuna fedha za kuondoa magofu. Zisipotumika kabla ya mwaka kwisha, zinarudi zilikotoka, na meya amesema hajawahi kurudisha kitu maishani mwake. Basi mhandisi wa kuazima kutoka wilaya jirani amezunguka vijiji vyote, amepiga picha kuta zinazotishia kuanguka, na ameziweka kwenye mfumo. Pale mwenye nyumba asipojulikana, tangazo linabandikwa mlangoni. Asipojitokeza, kazi inaendelea. Mimi kazi yangu ni kualika watatu, kupokea bei, kupendekeza, na kumpelekea meya atie saini. Nimeyapitisha yote mchana mmoja, kati ya supu na kahawa. Ungeona majina ya mitaa, dada! Mitaa ambayo sijaisikia tangu nizaliwe. Nadhani hata wanaoishi hapo hawajaisikia.

Custódio alikuja nyumbani jana na kikapu: samaki mkavu mkubwa kama mlango, na divai. Nikamwambia, "Bwana, siku hizi hairuhusiwi."

"Ofisini hairuhusiwi," akasema. "Hapa nimekuja kama baba wa ubatizo. Au unataka mtoto akose Krismasi?" Mtoto mwenyewe ana miaka ishirini na minne na yuko Porto. Samaki tumemloweka.

Mle vizuri huko.

Adérito


Esch, 8 Februari 2023

Adérito,

Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Nikavaa miwani nikawasomea kwa sauti. "Ubomoaji wa jengo hatarishi. Corgo de Cima, Rua do Outeiro, namba saba. Mmiliki hajulikani. Mkandarasi: kampuni ya Bi. Raposo. Kazi imekamilika."

Hermínio akasema, "Mama Felismina, hata magofu yenu yana ukoo!" Wakacheka. Nikacheka nao. Gracinda akaniletea kahawa ya ushindi, nikainywa. Baada ya kuinywa nikasoma tena.

Huko nyumba ya mama kila mtu anaiita "kwa Fundi Saa". Babu alikufa kabla hujazaliwa, saa zake zimekwisha zote, na bado mnasema kwa Fundi Saa, na wageni wanafika. Wewe ulizaliwa mle, ulikuwa unaingia kwa mlango. Mimi nilikuwa naingia kwa bahasha. Barua zangu za mwanzo zilirudi, ndipo mama akamuuliza Belmiro wa posta, akaniandikia: sema Rua do Outeiro, namba saba. Nimeiandika hiyo anwani kila mwezi mpaka mama alipofariki.

Tangazo nimelifungua pia, maana mmeliweka pale wazi. Lilibandikwa mlangoni tarehe 21 Novemba na likakaa huko mpaka mwisho. Barua yako ya Desemba inasema ulipanda ukafungua madirisha.

Uliingilia wapi?

Felismina


Penedras, 20 Februari 2023

Mpendwa dada,

Nimechukua siku kadhaa kukujibu kwa sababu nilitaka kuandika vizuri.

Nilijua. Hilo lazima nikuambie bila kuzunguka. Tangazo nililiona mlangoni. Ile dhoruba niliyosema ilitoa vigae viwili iliangusha ukuta wote wa nyuma, ule wa mtini, na nusu ya paa la jikoni ikaja nao. Nilikuficha ili usiharibikiwe na Krismasi. Picha za mhandisi nilizitazama moja moja, nikazikuza, nikatafuta namna yoyote ya kuiokoa. Haikuwepo. Mtoto angeweza kupita pale akaangukiwa na jiwe. Nikajiuliza, mama angefanyaje? Nikapitisha. Ulikuwa uamuzi mgumu kuliko wote niliowahi kuufanya kazini, na niliufanya peke yangu kwa sababu sikutaka ubebe mzigo huo ukiwa na goti bovu.

Siku ya kubomoa nilikuwepo. Nilisimama upande wa juu, karibu na chemchemi, nikavua kofia. Walifanya kwa heshima.

Najua utasema ningekuandikia. Ningekuandikia nini? Tungebishana mpaka Agosti, na Agosti kungekuwa na sikukuu.

Kiwanja bado ni chetu. Tutaandikisha. Unaweza kuishi kwetu, chumba cha binti kiko wazi na kina dirisha la mashariki. Mke wangu amekwisha toa nguo zake za baridi kabatini ili upate nafasi, na unajua yeye kwa kabati lake.

Nisamehe kwa kukuficha. Kwa uamuzi wenyewe sijui kama niombe msamaha, kwa kuwa ilibidi mtu aamue.

Mdogo wako,
Adérito


Esch, 2 Aprili 2023

Adérito,

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri majibu ya watu wengine.

Mrithi ana haki ya kuomba jalada la zabuni inayomhusu. Gracinda alinisaidia kujaza ombi, tukaambatanisha cheti cha kifo cha mama na cha kuzaliwa changu, tukabonyeza. Nilidhani nitangoja mpaka Krismasi. Likaja katika muda ule ule wa sheria, limepangwa, lina kurasa zenye namba. Mfumo wenu unafanya kazi vizuri sana, Adérito. Nasema kweli. Zamani ningeambiwa karani yuko likizo.

Kwa hiyo najua yote. Najua kwamba bei tatu za akina Raposo zilitumwa kutoka kompyuta moja, moja nyuma ya nyingine, ndani ya mapumziko ya chakula cha mchana. Imeandikwa tu hapo, mtu yeyote anaweza kuisoma, na hakuna aliyeuliza. Nilimwonyesha Hermínio. Akasema hii ni ya kahawa mwaka mzima. Sikucheka, naye akaacha.

Sikuwa natafuta hayo lakini. Nilikuwa nakutafuta wewe. Mfumo unaandika kila faili limefunguliwa na nani, na saa ngapi. Nilitaka kujua ulikaa na zile picha muda gani. Barua yako ilikuwa imenikasirisha, nataka ulijue hilo, nilikuwa nimekasirika vizuri kabisa, kama mtu mzima. Nilijisemea: alizitazama, akazikuza, akapitisha. Nitamchukia kwa hilo, lakini alitazama.

Kwenye faili la picha imeandikwa: halijafunguliwa.

Hukulifungua. Meya hakulifungua. Raposo, mkewe na mkwe wao walitoa bei ya kubomoa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekitazama. Wa kwanza kulifungua ni mimi, hapa Esch, nimekaa kwenye meza ya karibu na choo, kwa sababu pale ndipo mtandao unashika.

Picha ya kwanza ni mtaa. Ya pili ni ukuta wa nyuma. Umeanguka kidogo, juu, pale pembeni. Fundi mmoja na wiki moja. Paa la jikoni limekaa. Ya tatu ni mlango na tangazo lake, na dirisha la kando ambalo kioo kimevunjika zamani, si na dhoruba, maana buibui wameshajenga, na aliyefungua madirisha yote angekiona. Ya nne mhandisi ameingiza mkono kwenye dirisha hilo akapiga ndani. Koti la mama lipo.

Hukupanda Novemba. Hukupanda Desemba. Siku ya kubomoa hukuvua kofia yoyote.

Hasira imeniishia. Naitafuta asubuhi nikiamka, nikidhani labda imelala, siipati. Rangi bado iko chini ya kitanda. Napiga deki kuizunguka.

Niambie kitu kimoja tu. Mara ya mwisho kupanda kule ni lini?

Felismina


Penedras, 30 Aprili 2023

Dada,

Siku ya mazishi ya mama.

Nilifunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni, nikashuka, na sikupanda tena; hata Agosti ulipokuja, ufunguo nilikupa ukapanda peke yako. Sina sababu nzuri. Nimejaribu kukutafutia, kila moja naiona ni ya kununuliwa. Gari lina mafuta, barabara ni ya lami. Kila Jumapili nilisema Jumapili ijayo. Halafu wewe ukauliza kwenye barua kama nimefungua madirisha, na ilikuwa rahisi kuyafungua kwenye barua. Nilikuwa nakumbuka kila kitu kilipo, kwa hiyo haikuwa kazi.

Desemba ile mtaa uliopita mbele yangu kati ya supu na kahawa ulikuwa Rua do Outeiro. Sikuujua. Nakuapia kwa kaburi, ingawa sasa kiapo changu hakitoshi hata kukopa chumvi. Barua yako ya Februari ilipofika nilikuwa na njia mbili: niwe mtu aliyejua, au niwe mtu ambaye hakupanda. Nikachagua kujua. Niliona ina heshima kidogo.

Barua yako ilipofika nilipanda. Ni kiwanja tu, dada. Kimesawazishwa vizuri. Mtini wameuacha, umesimama peke yake na hauna cha kuegemea, na nashangaa haujaanguka. Nilisimama pale nikingoja nilie. Nikasikia njaa. Nikala tufaha lililokuwa kwenye gari.

Kisha nikaenda kwa Custódio. Mawe yetu kayauza kwa mwenye nyumba ya wageni kule mtoni, wanajengea ukuta wa bwawa la kuogelea. Nikamwambia nataka kile kizingiti cha mlango.

"Mzee," akasema, "kwa nini hukuniambia ilikuwa ya kwenu? Ningeiacha! Ningebomoa nyingine."

"Sikujua."

"Sasa wewe ndiye uliyenialika, hukujua. Mke wangu ndiye aliyeshinda, hajui hata iko kijiji gani. Nani anajua?" Hakuwa anafanya mzaha. Akanipeleka mpaka kwenye ukuta wa bwawa, akapita akigonga mawe kwa funguo. "Hiki nadhani. Au hiki. Wamevikata, lakini. Chukua lolote, sitakudai." Sikuchukua.

Jumatatu iliyofuata niliingia kwenye mfumo. Kuna kisanduku cha mgongano wa maslahi ambacho tangu tuanze nimekuwa nikikiwekea "hakuna". Nikaandika: mkandarasi ni baba wa ubatizo wa binti yangu, kampuni tatu ni familia moja, bei zilitoka kompyuta moja, jengo lilikuwa la mama yangu, sikufungua picha. Nikaweka jina langu. Nikabonyeza. Nikapeleka nakala kwa wakaguzi wa Lisbon, nao wakajibu papo hapo kwamba taarifa yangu imepokelewa na kwamba ujumbe huo umetumwa na mashine, nisiujibu.

Iko pale kwenye tovuti, wazi kwa dunia. Nilingoja. Muuza magazeti aliisoma, akasema, "Adérito, umeandika mambo huko," akanipa chenji yangu. Meya aliniita, akanikaribisha kiti. "Umeandika vizuri sana," akasema. "Kwa ufasaha. Nadhani umechoka. Kule makaburini kuna nafasi, na kuna utulivu." Kwa hiyo sasa mimi ni ofisa wa makaburi. Ni kweli kuna utulivu. Wateja hawaleti vikapu.

Kwenye kiti changu wamemweka mwanamke makini sana, wa vyeti. Wiki iliyofuata alialika watatu. Unawajua.

Siombi msamaha, sina pa kuuweka. Nakuambia nilichofanya Jumamosi, basi. Lile sanduku la bati la barua, la mama, nililikuta kwenye nyasi, limebonyea upande mmoja. Nikalinyoosha, nikalipigilia kwenye nguzo, nikaisimika pale mlango ulipokuwa. Nikaandika 7 kwa rangi ya gari, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Imeinama kidogo, unajua mkono wangu. Nimemwambia Belmiro kwamba hapo ni anwani. Akasema, "Mimi hilo nalijua kabla yako."

Ukitaka kuandika, andika huko. Sitampa Belmiro ruhusa ya kuniletea mjini.

Adérito


Esch, 18 Juni 2023
Kwa: Adérito Prata, Rua do Outeiro, namba 7, Corgo de Cima

Mdogo wangu,

Ijumaa kazini walinipa keki na saa ya mkononi, nikavua aproni. Kwa Gracinda nimeacha kucheza. Sasa nalipa kahawa yangu kama wengine.

Nafika kwa treni tarehe mbili Agosti. Tarehe tatu asubuhi tunakwenda kwa mthibitishaji, sikukuu iwepo isiwepo. Nitalala chumba cha binti. Mwambie mkeo arudishe nguo zake kabatini, mimi nina sanduku moja na kopo la rangi.

Sijui kama nitajenga. Sijui kama tutakuwa na la kuzungumza. Usiniandalie maneno.

Bahasha hii nimeiandika bila kufikiri, mkono ulienda wenyewe. Sikuandika anwani yako ya mjini hata pembeni.

Ikiwa unasoma haya, basi ulipanda.

Felismina